Kikuubo na Jicho la Moyo: Historia Fupi ya Wasiwasi wa Kesho na Tiba Yake

Katikati ya jiji la Kampala, baina ya Barabara ya Ben Kiwanuka na Barabara ya Nakivubo, upo mtaa mwembamba wa biashara uitwao Kikuubo. Jina lenyewe ni la Kiganda: ekikuubo ni kichochoro, njia nyembamba ipitayo kati ya majengo. Hata hivyo, kichochoro hiki hulisha nchi nzima, na nchi nyingine pia. Sabuni, sukari, mchele, mafuta ya kupikia, biskuti na vyombo vya plastiki hupita hapa kwa katoni na kwa magunia, mgongoni mwa wachukuzi, vikielekea Gulu, Arua na Mbarara, na kuvuka mpaka hadi Sudan Kusini, Rwanda na Kongo ya Mashariki. Kwa kuwa wanunuzi hutoka pande zote hizo, Kiswahili kilikuwa kikitumika madukani humu tangu zamani, kabla Bunge la Uganda halijakifanya lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na kabla Baraza la Mawaziri halijaagiza, mwezi Julai 2022, kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari.

Sisi walimu wa lugha tumezoea kwenda Kikuubo kutafuta msamiati. Katika makala haya tumekusudia kutafuta kitu kingine. Twataka kuchunguza jinsi mtu anayeishi kwa kununua leo na kuuza kesho anavyoweza kuituliza hofu ya hiyo kesho kwa kutumia taswira, yaani picha aziundazo mwenyewe ndani ya fikira zake. Jambo hili si la wafanyabiashara peke yao. Mwanafunzi anayengoja mtihani na mwalimu anayengoja mshahara wanalifahamu vema. Lakini Kikuubo ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu hapo hofu ya kesho ina historia inayoweza kutajwa kwa miaka yake.

Maneno mawili

Tuanze na kazi yetu, yaani maana ya maneno. Neno wasiwasi tumelipata kutoka Kiarabu, na asili yake ni mnong'ono: sauti ndogo isemayo sikioni pasipo kukoma. Katika sura ya mwisho ya Kurani, Waislamu hujikinga kwa Mungu dhidi ya mnong'onezaji huyo atiaye maneno vifuani mwa watu. Kwa hiyo, kwa asili yake, wasiwasi ni maneno. Ni maswali yasiyongoja majibu: Je, bei ikishuka? Je, mzigo ukichelewa? Je, mwenye nyumba akipandisha kodi? Kila swali huzaa lingine, na msemaji hachoki.

Neno la pili ni taswira, nalo limetoka katika shina la Kiarabu lenye maana ya kufanya sura au umbo. Palipo na taswira pana mahali, pana rangi, pana kitu kinachoshikika. Watu wetu husema pia jicho la moyo, kwa maana ya uwezo wa kukiona kisichokuwapo mbele ya macho. Tofauti hii ya mnong'ono na sura si mchezo wa maneno tu. Tutaona hapa chini kwamba wataalamu wa nafsi walifikia tofauti iyo hiyo kwa njia ya utafiti.

Miaka iliyofundisha hofu

Tumfikirie mtu mmoja wa mfano, aliyeanza biashara mjini Kampala mwaka 1972 akiwa na umri wa miaka 20. Je, ameona nini?

Mwezi wa Agosti mwaka huo, Idi Amin aliwatangazia Waasia siku 90 za kuondoka nchini. Biashara nyingi za jumla na rejareja zilikuwa mikononi mwao. Maduka yaligawiwa askari na watu wengine waliokuwa karibu na utawala, na wengi wao hawakujua bidhaa huagizwaje wala hesabu huwekwaje. Rafu zikawa tupu. Hapo ndipo maneno mawili ya Kiswahili yalipojikita katika usemi wa Waganda wote, hata wale wasiokijua Kiswahili. La kwanza ni magendo, biashara ya kupitisha mali kwa siri na kuiuza kwa bei ya kuruka. La pili ni mafuta mingi, jina walilopewa matajiri wapya wa wakati ule. Mwalimu wa sarufi atasema kwamba ilipasa kuwa mafuta mengi, na ni kweli. Lakini kosa hilo la upatanisho limekuwa kumbukumbu ya historia, nasi hatuna budi kulihifadhi kama lilivyo.

Mwezi Aprili 1979, majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliitwaa Kampala, na katika siku zile maduka mengi yaliporwa. Mtu wetu alikuwa na miaka 27. Mwezi Januari 1986 jeshi la NRA likauteka mji. Mwezi Mei 1987 serikali mpya ilibadilisha sarafu: shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na katika kubadilisha huko asilimia 30 ikakatwa. Aliyekuwa ameweka akiba yake kwa fedha taslimu aliamka akiwa na pungufu, ingawa hakuibiwa na mtu yeyote. Mithali yetu isemayo kwamba akiba haiozi ilionekana imepatwa na aibu.

Baadaye nchi ilitulia na biashara ikafunguliwa. Hata hivyo, utulivu haukuwa na maana ya uhakika. Mwezi Julai 1996 ilianzishwa kodi ya ongezeko la thamani, nao wafanyabiashara wa Kampala wakafunga maduka kwa kuipinga. Mwezi Desemba 2013 vita vilizuka Sudan Kusini, soko ambalo wafanyabiashara wengi wa Uganda walikuwa wamelitegemea. Mwezi Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, usafiri wa umma ulisimamishwa na maduka mengi yakafungwa. Shule nazo zilifungwa, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Mwezi Aprili 2024 maduka ya katikati ya mji yalifungwa tena, safari hii kwa kupinga mfumo wa stakabadhi za kodi za kielektroniki uitwao EFRIS. Mtu wetu wa mfano alikuwa amefika miaka 72.

Tumeitaja miaka hiyo kwa kusudi maalumu. Mara nyingi mwenye wasiwasi huambiwa kwamba anajisumbua bure. Kwa mtu wa Kikuubo, ushauri huo ni dharau. Hofu yake haikutoka hewani. Imefundishwa na matukio, na kila tukio lilikuja ghafla. Basi swali la haki si kwamba aogope au asiogope. Swali ni hili: aitazameje kesho asiyoweza kuijua, ili aweze kulala usiku na kufungua duka asubuhi?

Tuliyorithi katika fasihi

Fasihi isomwayo na kusimuliwa katika pwani yetu ilikwisha kulitafakari swali hili kwa njia yake. Tutatoa mifano miwili, mmoja wa kuonya na mmoja wa kuongoza.

Katika hadithi za Alfu Lela Ulela mna kisa cha ndugu wa tano wa kinyozi, aliyerithi dirhamu 100, akanunua vyombo vya kioo, akaketi sokoni na kapu lake mbele yake. Akaanza kuona katika fikira jinsi atakavyouza kwa faida, atakavyonunua tena na kuuza tena, hata awe tajiri na amwoe binti wa waziri. Katika njozi ile alimwona bibi arusi amepiga magoti mbele yake, naye kwa kiburi akarusha teke. Teke lile halikubaki katika njozi. Lilipiga kapu, na vyombo vyote vikavunjika. Watu hucheka, lakini mfanyabiashara ajuaye kazi yake hacheki sana. Huyu alikuwa na picha nzuri mno. Kasoro yake ni kwamba picha ile ilikuwa ya mwisho wa safari peke yake. Hakumwona mnunuzi hata mmoja akija, wala bei moja ikibishaniwa.

Mfano wa pili ni Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa katika upande wa Lamu mnamo mwaka 1858. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mgonjwa, mumewe amekwisha kufariki, na alijua kwamba huenda asimwone binti yake akikua. Hapana wasiwasi wa kesho ulio mkubwa kuliko huo. Naye alifanya nini? Hakumwachia mwanawe ahadi tu kwamba atakuwa na heri. Alimpangia siku yake kwa vitendo: namna ya kusema na watu, namna ya kujipamba, namna ya kumhudumia mume na kumpokea nyumbani. Leo wasomaji wengi wanayahoji mafunzo yake kuhusu unyumba, na wana haki ya kufanya hivyo. Lakini tukiitazama njia yake, twamwona mama aliyeigeuza hofu yake kuwa mfululizo wa picha ndogondogo ambazo binti angeweza kuzifuata mmoja baada ya mwingine. Njozi ya muuza vioo ilimtoa mtu katika dunia. Picha za Mwana Kupona zilikusudiwa kumwingiza mtoto ndani yake.

Yaliyothibitishwa na wataalamu

Katika karne ya ishirini, taswira iliingia rasmi katika matibabu ya hofu, na mmoja wa waanzilishi alikuwa mwana wa bara letu. Daktari Joseph Wolpe, mzaliwa wa Afrika Kusini, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1958 jinsi alivyowatuliza wagonjwa kwanza kwa kuwalegeza misuli, kisha akawataka wakione katika fikira kile wanachokiogopa. Walianza na kitu kidogo, na hofu ilipotulia wakapanda hatua ya pili, kama mtu apandaye ngazi. Hoja yake ilikuwa kwamba mwili uliotulia na hofu haviwezi kukaa pamoja katika kiti kimoja.

Tangu miaka ya 1980, mtaalamu wa Marekani Thomas Borkovec na wenzake walionyesha kwamba wasiwasi wa kila siku huja zaidi kwa maneno kuliko kwa picha. Mtu husema na nafsi yake bila ya kuona lolote dhahiri, na kwa kuwa hakuna dhahiri, hakuna penye kukomea. Tukikumbuka asili ya neno wasiwasi, twaweza kusema kwamba lugha ilikuwa imekwisha kulihifadhi jambo hilo.

Hata hivyo, picha si dawa tu. Mwaka 2005, Emily Holmes na Andrew Mathews walionyesha kwamba watu walioyaona mabaya katika taswira walipatwa na hofu zaidi kuliko walioyafikiri kwa maneno. Taswira ni kama moto: hupika, tena huunguza. Kwa sababu hiyo haitoshi kumwambia mtu aone picha. Lazima tujue ni picha gani.

Hapa utafiti miwili yatufaa. Mwaka 1991 Gabriele Oettingen na Thomas Wadden walichapisha uchunguzi wa wanawake waliokuwa wakijitahidi kupunguza uzito. Walioamini kwamba wataweza walifanikiwa zaidi. Lakini wale waliojifurahisha kwa njozi za namna watakavyopendeza walipunguza kidogo kuliko wenzao. Kisha mwaka 1999 Lien Pham na Shelley Taylor walieleza jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu mjini Los Angeles waliokuwa wakikaribia mtihani. Baadhi waliambiwa wajione kila siku wakifurahia alama nzuri. Wengine waliambiwa wajione wakisoma: wameketi wapi, wamefungua kitabu gani, wanaanza saa ngapi. Waliojiona wakisoma walipata alama bora, na sababu mbili zilitajwa: walipanga kazi yao vizuri zaidi, na hofu yao ilipungua.

Basi hili ndilo neno kuu la makala haya. Picha inayotuliza hofu ya kesho si ile ya kufika. Ni ile ya njia. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Anayekiona chombo kikielea tu hana la kufanya ila kutamani. Anayeziona mbao, misumari na pamba ya kuzibia nyufa ana kazi ya kuanza asubuhi.

Dukani na darasani

Tutoe mfano wa kubuni. Mwanamke mmoja auza sabuni kwa jumla Kikuubo. Mzigo wake uko njiani kutoka Mombasa, na deni lake lapaswa kulipwa Jumatatu. Usiku mnong'ono waanza: Je, lori likikwama mpakani? Akiufuata, ataamka amechoka, na lori litakuwa palepale lilipo. Akijilazimisha kuona duka limejaa wanunuzi, atafarijika kwa muda mfupi, kisha mnong'ono utarudi.

Afanye hivi. Kwanza, ataje jambo moja tu analoliogopa, wala asiyakusanye yote. Pili, avute pumzi taratibu na kuulegeza mwili. Tatu, auone mahali: kufuli la mlango, rafu, daftari la madeni, sauti ya wachukuzi wakiomba njia. Nne, atembee katika picha hiyo tangu kufungua duka Jumatatu, hatua kwa hatua, mpaka akifikie kikwazo chenyewe: simu ya dereva isemayo kwamba mzigo haujavuka Busia. Tano, asikimbie hapo. Ajione akiwa na jibu la kitendo: akichukua daftari, akienda kwa mdai kabla hajaitwa, akilipa sehemu na kuomba siku tatu. Mwisho, achague jambo moja la kufanya kweli kesho yake asubuhi. Picha isiyozaa tendo hata moja inaelekea kwenye kapu la vioo.

Mwalimu wa Kiswahili ana zana nzuri kwa zoezi hili, nayo ni kiambishi -ki-. Mwenye wasiwasi hukitumia bila ya kukamilisha sentensi: Je, lori likichelewa? Je, nikifeli? Sentensi imekatwa katikati, na nusu iliyobaki huachiwa hofu. Kazi ya mwanafunzi ni kuikamilisha kwa -ta-: Lori likichelewa, nitamwendea mdai mapema. Nikikuta swali nisilolijua, nitaliruka na kulirudia mwishoni. Mtaalamu wa Kijerumani Peter Gollwitzer alionyesha katika maandishi yake ya mwaka 1999 kwamba mtu aliyefunga nia kwa sentensi za namna hiyo hutekeleza alilokusudia kuliko yule aliyesema tu kwamba atajitahidi. Tofauti na -ngali- ni dhahiri: ningalinunua sukari mapema, nisingalipata hasara. Sentensi hiyo imekamilika, lakini mlango wake umefungwa, kwa kuwa yahusu jana.

Twapendekeza, basi, kwamba katika vidato vya juu somo la sentensi za masharti lifundishwe mara moja kwa njia hii. Kila mwanafunzi aandike swali moja la wasiwasi wake kuhusu mtihani au maisha ya baadaye, alieleze kwa aya moja ya picha yenye mahali na vitu, kisha alikamilishe kwa sentensi tatu za -ki- na -ta-. Asilazimishwe kusoma mbele ya wenzake. Mwalimu atasahihisha upatanisho na viambishi. Yaliyomo atayatunza kama amana. Watoto waliokaa karibu miaka miwili bila ya shule wana mengi ya kuandika kuliko tunavyodhani.

Mipaka ya tiba hii

Hatupendi kumaliza bila ya kuonya. Taswira haipunguzi kodi, haizuii vita, wala haifungui mpaka uliofungwa. Mwaka 1987 hapakuwa na picha yoyote ambayo ingaliirudisha ile asilimia 30. Ni makosa makubwa kumwambia mwenye hasara kwamba imempata kwa sababu hakuona mema katika fikira zake. Madai ya haki yana mahali pake, na wafanyabiashara wa Kampala wameyadai mara nyingi kwa umoja wao. Vilevile yuko mtu ambaye wasiwasi umemnyima usingizi na chakula kwa majuma, au ambaye picha zimjiazo ni za maafa aliyoyaona kweli. Huyo asiachiwe zoezi la darasani. Apelekwe kwa mganga wa hospitali. Uganda inayo hospitali ya maradhi ya akili huko Butabika tangu miaka ya 1950.

Lililobaki mikononi mwetu ni dogo, lakini si hafifu. Historia ya Kikuubo yatufundisha kwamba kesho itakuja na jambo tusilolitarajia. Haikutufundisha kwamba tuingoje tumefumba macho. Mtaa ule haukufa mwaka 1979, wala 1987, wala 2020, kwa sababu kila mara walikuwapo watu waliojua, kabla ya mapambazuko, mlango gani wataufungua kwanza na ni nani watakayemwendea. Nasi tuwape wanafunzi wetu ujuzi huo katika lugha yao, ili wanapoanza sentensi ya hofu wajue namna ya kuimaliza.